Muulize Mwalimu: Kiti cha gavana kikiwa wazi

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba mtoto wa dada yangu, muuguzi anayeishi Newark katika jimbo la New Jersey, alipiga kura yake ya kwanza Marekani kumchagua gavana, na kwamba kiti kilikuwa wazi. Mistari hiyo miwili imeniletea ujumbe mwingi kuliko makala nzima niliyoandika kuhusu daftari la wapiga kura. Nimefurahi sana. Nilifundisha Uraia miaka 31, Newala kisha hapa Mikindani, na mada ya uchaguzi ndiyo iliyokuwa na darasa la kimya kuliko zote, kwa sababu watoto waliiona ni shughuli ya wakubwa. Leo nawajibu watano. Wa kwanza na wa tatu nitakaa nao zaidi; wengine mniwie radhi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa stendi ya Masasi. Uliandika kwamba kiti cha gavana kilikuwa wazi. Wenzangu kijiweni wanasema maana yake aliyekuwepo alifariki au alifukuzwa. Mimi nabisha ila nashindwa kueleza. Halafu wao wanamchagua gavana, sisi Mkuu wa Mkoa tunaletewa. Ni cheo kimoja au viwili?
*Fundi, Masasi*

Marahaba mwanangu. Umebisha kwa haki. Phil Murphy, aliyekuwa gavana wa New Jersey, yuko hai na hakufukuzwa na mtu. Alimaliza muda. Katiba ya jimbo lile ya mwaka 1947 inampa gavana vipindi viwili mfululizo, kila kimoja miaka 4. Murphy aliingia Januari 2018, akashinda tena 2021 kwa tofauti ya asilimia 3 hivi, na ilipofika Januari 2026 hakuwa na njia ila kutoka, apendwe asipendwe. Akitaka kurudi, akae nje kipindi kizima kwanza. Kiti kinaitwa wazi kwa sababu siku ya kura hakuna anayekitetea.

Kabla sijaendelea, tuliweke sawa neno jimbo. Kwetu jimbo ni la ubunge, kama Nanyumbu au Mchinga. Jimbo la Marekani ni kitu kingine kabisa, karibu na nchi: lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na kodi zake. New Jersey kwa eneo imeuzidi mkoa wetu wa Mtwara kidogo tu, lakini ina watu zaidi ya milioni 9, karibu mara sita ya wetu.

Sasa kwa nini kiti wazi kizue kelele? Aliyepo anapogombea tena, mpiga kura ana swali moja: aendelee au atoke? Anamjua, ameona barabara aliyoijenga na ile aliyoahidi akaiacha. Asipokuwepo, swali linageuka. Unaulizwa uchague kati ya watu ambao hujawahi kuwaona wakishika kazi hiyo. Na watu hao huwa wengi, kwa sababu kila aliyekuwa anaogopa kupambana na mwenye kiti anaona zamu yake imefika. Sisi tunayajua hayo. Mbunge wa miaka mingi akitangaza kwamba hagombei tena, wiki hiyohiyo watia nia wanaanza kuonekana misibani na kwenye harambee za misikiti na makanisa. Mwaka 2020 wanachama waliochukua fomu za CCM kuomba ubunge na uwakilishi nchi nzima walizidi 10,000, na waliotoka ukumbini na kura moja au bila kura ndio waliotuachia ule msemo wa "wajumbe si watu".

New Jersey wana kura za maoni pia, zile za chama kumpata mgombea wake, na hapa nakuomba ukae vizuri, maana ndipo lilipo jambo ninalotaka vijana wa kusini mlijue. Kule kura za maoni si za wajumbe. Ni uchaguzi kamili unaosimamiwa na serikali, wenye vituo na masanduku, na mtu yeyote aliyejiandikisha upande wa chama anapiga. Hata asiye na chama anaweza kwenda kituoni siku hiyo, akatangaza anapigia chama gani, akapewa karatasi. Tarehe 10 Juni 2025 upande wa Democratic walisimama sita: wabunge wawili wa bunge la taifa, Mikie Sherrill na Josh Gottheimer, mameya wawili, Ras Baraka wa Newark na Steven Fulop wa Jersey City, Sean Spiller, kiongozi wa chama cha walimu, na Steve Sweeney, aliyekuwa rais wa seneti ya jimbo. Upande wa Republican walikuwa watano, na Jack Ciattarelli, yuleyule aliyemtoa jasho Murphy mwaka 2021, akawaacha mbali wenzake.

Sherrill alishinda upande wake kwa asilimia 34 hivi. Hebu liangalie hilo, mwanangu. Katika kila wapiga kura watatu wa chama chake, wawili walimtaka mtu mwingine. Lakini hao wawili waligawana kwa watu watano, na kule hakuna kurudia, anayeongoza amepita. Novemba ilipofika karatasi ilikuwa na majina mawili makubwa. Waliopiga kura Novemba walikuwa zaidi ya milioni 3. Waliojitokeza Juni pande zote mbili hawakufika hata nusu ya hao. Kazi ya kutoka watu kumi na mmoja hadi wawili ilifanywa na wale wachache waliotoka nyumbani Juni.

Mtoto wa dada yangu hakutoka Juni. Alinipigia simu akasema, "Mama mdogo, nilidhani zile ni za wanachama." Yeye alikuwa na wake anayempenda, meya wa mji wake, na meya huyo akamaliza wa pili. Novemba alikwenda, Jumapili asubuhi baada ya zamu ya usiku, kwa sababu New Jersey wanafungua baadhi ya vituo kwa siku tisa kabla ya siku yenyewe. Alimpigia Sherrill, na Sherrill akashinda kwa asilimia 57 hivi. Alifurahi, ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefika mnadani mzigo mzuri umeshachukuliwa. Na uchungu wangu ni mkubwa kidogo kuliko wake, kwa kuwa sheria yetu haina uraia pacha. Siku aliyoapa kule alikoma kuwa Mtanzania. Kura aliyoipata kwa gharama ile, nusu yake ilipita yuko nyumbani amelala.

Waligombania nini? Umeme, kuliko kitu kingine. Kuanzia tarehe 1 Juni 2025, siku tisa kabla ya kura za maoni, bili za umeme jimboni zilipanda kwa asilimia 17 hadi 20. New Jersey iko kwenye gridi moja na majimbo mengine 12 pamoja na mji mkuu Washington, na bei ya kuhakikisha umeme wa kutosha kwenye gridi hiyo ilipaa kwenye mnada, mahitaji yakisukumwa pia na majumba makubwa ya kompyuta yanayojengwa. Sherrill aliahidi kutangaza hali ya dharura na kuzuia bili zisipande. Ciattarelli aliahidi kulitoa jimbo kwenye mpango wa majimbo ya mashariki unaovitoza vinu vya umeme kwa hewa chafu. Sisi tunaokaa jirani na gesi ya Mnazi Bay, na ambao tumezoea kuuliza LUKU imekula ngapi leo, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mama wa Newark aliisikiliza ahadi hiyo kuliko hotuba nyingine zote.

Swali lako la pili. Hapana, si cheo kimoja. Mkuu wa Mkoa wetu, kwa ibara ya 61 ya Katiba, anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na ni mwakilishi wa Serikali Kuu mkoani. Gavana wa Marekani hawakilishi serikali ya Washington. Anaandaa bajeti ya jimbo lake, na mwaka wa fedha wa New Jersey unaanza 1 Julai kama wetu. Anatia saini sheria au anazikataa. Anaweza hata kukata mstari mmoja wa matumizi akaacha mingine. Gavana wa New Jersey ana nguvu kuliko wenzake wengi, kwa sababu katika serikali ya jimbo yeye na naibu wake ndio pekee wanaochaguliwa na jimbo zima. Mwanasheria mkuu, ambaye majimbo mengi wanamchagua kwa kura, kule anamteua yeye.

Ila neno lenyewe lina safari ndefu. Babu yangu aliyebeba mizigo bandarini Mtwara wakati wa mradi wa karanga wa Nachingwea, akisema "gavana" alimaanisha Twining, Mwingereza aliyetumwa na London mwaka 1949. Wanangu mimi wakisikia gavana wanafikiria Benki Kuu na saini iliyo kwenye noti. Na hao watu wa New Jersey walikuwa kama babu yangu. Gavana wao wa mwisho wa kutumwa na mfalme wa Uingereza alikuwa William Franklin, mtoto wa Benjamin Franklin maarufu. Walimkamata mwaka 1776. Wa kwanza wa kwao wenyewe, William Livingston, alichaguliwa na bunge mwaka baada ya mwaka, miaka 14, mpaka alipofariki 1790. Wananchi walianza kumpigia gavana kura baada ya katiba ya 1844, na katiba hiyo ilimpa miaka 3 tu bila ruhusa ya kufuatisha kingine. Kwa hiyo kijiweni waambie hivi: zamani kiti kile kilisubiri kifo, siku hizi kinasubiri kalenda.

Mwalimu, hujambo? Nauliza kuhusu naibu. Mwenye kiti akimaliza muda, si naibu wake ndiye anayejua kazi? Mbona asirithi tu?
*Mama wa watoto watatu, Ligula*

Sijambo mwenzangu. Hoja yako wanayo wengi, na mara nyingine wapiga kura wanaikubali. Majirani zetu Wakenya walianza kuchagua magavana wa kaunti mwaka 2013, vipindi viwili vya miaka 5, kwa hiyo 2022 viti vingi vilikuwa wazi kwa mpigo. Kwale, Salim Mvurya alimaliza, na naibu wake Fatuma Achani akagombea akashinda. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana Pwani ya Kenya.

Lakini naibu anaingia na mizigo ya bosi wake. New Jersey 2017, Chris Christie alimaliza vipindi viwili huku watu wamemchoka, na naibu wake Kim Guadagno akaangushwa na Murphy. Virginia 2025, naibu gavana Winsome Earle-Sears aliangushwa na Abigail Spanberger kwa tofauti kubwa. Virginia ndiyo jimbo pekee la Marekani ambalo gavana haruhusiwi kufuatisha vipindi viwili, hivyo kila baada ya miaka 4 kiti kiko wazi, bila kukosa. Safari hii vyama vyote viwili vilisimamisha mwanamke, kwa hiyo hata kabla ya kura kuhesabiwa ilijulikana kwamba jimbo litapata gavana mwanamke kwa mara ya kwanza.

Naomba nikuelezee naibu mmoja ambaye siwezi kumtaja haraka nikapita. Mwaka 1989 kiti cha Virginia kilikuwa wazi kama kawaida yake. Naibu gavana alikuwa Douglas Wilder, mjukuu wa watumwa. Mji mkuu wa Virginia ni Richmond, na Richmond ndiyo ilikuwa makao makuu ya majimbo yaliyopigana vita ili utumwa ubaki. Katika mji huo, mjukuu wa watumwa alisimama akaomba kura kwa wajukuu wa waliowamiliki. Alishinda kwa kura zisizofika 7,000 katika kura karibu milioni 1.8, zikarudiwa kuhesabiwa, akabaki mshindi. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa gavana wa jimbo lolote.

Mimi nakaa Mikindani. Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia ufukweni hapa, na kwenye familia zetu kuna majina ya mababu ambayo hatuyatamki mbele ya wageni kwa sababu yanaeleza walikuja vipi. Niliposoma habari ya Wilder nikiwa mwalimu kijana, niliikata kwenye gazeti nikaiweka ndani ya kitabu cha mahudhurio. Iliniingia kwamba kama gavana aliyekuwepo angeruhusiwa kuendelea, na angetaka, Wilder angemngoja. Angengoja mpaka lini, sijui nani angemjibu.

Kwa hiyo mwenzangu, naibu aombe kama wengine. Akijua kazi, aionyeshe mbele ya watu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi mkulima wa korosho Tandahimba. Uchaguzi wa Marekani ni mkubwa na una fedha. Sisi hapa tunajiandaa kuchagua mwenyekiti wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, wa zamani amemaliza muda na hagombei. Wameshajitokeza saba. Kuna chochote tunachoweza kujifunza, au ni hadithi tu?
*Mkulima, Tandahimba*

Marahaba baba. Kipo, na ningekuwa na uwezo ningekuja kukueleza nikiwa nimekaa kwenye mkeka wenu. Angalia karatasi ya kura.

New Jersey kwa miaka mingi walikuwa na mtindo wao. Kaunti 19 kati ya 21 zilipanga karatasi ya kura za maoni hivi: viongozi wa chama wa kaunti wakishaamua wanamtaka nani kwa kila nafasi, majina yao yote yalipangwa kwenye safu moja, kutoka wa juu kabisa hadi diwani. Watu waliuita mstari wa kaunti. Waliokosa baraka za viongozi walitupwa pembeni, mmoja huku, mwingine kule, wakati mwingine safu tupu ikiwa katikati. Hakuna aliyezuiwa kugombea. Hakuna kura iliyoibwa. Lakini mpiga kura aliyechoka, aliyetoka kazini, alishusha kidole kwenye safu ile nadhifu akamaliza. Mtu aliyepewa mstari alikuwa karibu ameshinda kabla sanduku halijafunguliwa.

Mwaka 2024 Andy Kim, mbunge aliyekuwa anaomba useneta, alikwenda mahakamani. Jaji wa shirikisho akazuia mtindo ule kwa kura za maoni za Democratic za mwaka huo, na 2025 bunge la jimbo likatunga sheria ya kuufuta. Kura za maoni za Juni 2025 ndizo za kwanza za ugavana zilizopigwa bila mstari. Wagombea wa nafasi moja walikaa pamoja, kwenye kisanduku kimoja, na nafasi ya nani aanze iliamuliwa kwa kuchomoa majina. Nadhani hata wingi wa watia nia wa mwaka ule ulitokana na kiti kuwa wazi na karatasi kuwa wazi kwa wakati mmoja. Zamani watatu kati yao wangekaa na viongozi wa kaunti, wangehesabu, wakarudi nyumbani.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Katika shule mojawapo niliyofundisha, ambayo sitaitaja, nilisimamia uchaguzi wa kaka mkuu na dada mkuu miaka sita. Kura zilikuwa za siri, zilihesabiwa mbele ya wanafunzi, nami nilijisifu kwa hilo. Majina niliyaandika ubaoni kwa chaki kwa mpangilio niliopewa ofisini, na waliopendwa na walimu walikuwa juu. Mwaka wa sita msichana mmoja wa kidato cha tatu alininyooshea mkono akauliza kwa nini anayeandikwa wa kwanza ndiye anayeshinda kila mwaka. Nilirudi nyumbani nikatoa daftari langu. Miaka mitano kati ya sita alisema kweli. Sikuwa nimemdanganya mtu, wala sikuhesabu vibaya kura hata moja, na bado uchaguzi ule ulikuwa umeamuliwa na chaki yangu. Mwaka uliofuata tulikata vikaratasi, tukavitia kwenye kikapu, na mtoto wa kidato cha kwanza akachomoa mpangilio.

Kwa hiyo baba, mkifika kwenye mkutano wenu, msipokee orodha iliyokuja imeshachapwa. Majina saba yachomolewe hapohapo mbele ya wanachama, na kama mnatumia picha, kila mgombea aione ya kwake ikiwa imekaa kwenye jina lake kabla ya siku ya kura. Msicheke. Mombasa, Agosti 2022, kiti cha gavana kilikuwa wazi baada ya Hassan Joho kumaliza vipindi viwili. Usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu ikagundulika karatasi za kura ya ugavana zina makosa kwenye picha na maelezo ya wagombea, na za Kakamega vilevile. Kura ikaahirishwa kutoka tarehe 9 hadi 23, kisha hadi 29. Abdulswamad Nassir akashinda, lakini walioandikishwa waliojitokeza hawakufika nusu. Watu walishapanga foleni mara moja mwezi ule, na vibarua havingojei.

Jambo la pili ni saba wenyewe. Mkipiga mara moja, atakayepata kura 60 katika 300 anaweza kuwa mwenyekiti, na 240 waliobaki watamnung'unikia msimu mzima kwenye ghala. Georgia, jimbo jingine la Marekani, mgombea asipopita nusu wanarudia wawili wa juu. Someni masharti ya chama chenu yanasemaje. Kama yanaruhusu kurudia, dai irudiwe, hata kama watu wana njaa na jua limekuwa kali. Ni saa moja zaidi kwa ajili ya mtu atakayesimamia stakabadhi za korosho zenu.

Kuhusu fedha, umesema kweli, zipo nyingi. Lakini New Jersey wana utaratibu wa tangu miaka ya 1970 ambao naupenda: mgombea ugavana anayekubali masharti anaongezewa na serikali dola 2 kwa kila dola 1 anayochangiwa, hadi kikomo, na sharti mojawapo ni lazima ashiriki midahalo ya wagombea. Akichukua fedha ya umma, hawezi kukimbia maswali ya umma. Nyinyi hamna fedha ya kumpa mtu, ila mnaweza kuweka sharti hilohilo bure: asiyekuja kuulizwa maswali chini ya mwembe, jina lake lisiingie kikapuni.

Mwalimu, Rais wa Marekani anaweza kumtumbua gavana?
*Mwanafunzi, Lindi*

Hawezi. Hakumteua, hawezi kumtengua. Gavana anaondolewa na bunge la jimbo lake kwa mashtaka, na katika baadhi ya majimbo, New Jersey ikiwemo, wapiga kura wenyewe wanaweza kudai uchaguzi wa kumwondoa. Rais anaweza kumpigia debe mtu, kama Trump alivyompigia Ciattarelli, na wapiga kura wakakataa.

Shikamoo bibi. Nataka kufuatilia uchaguzi mwingine wa magavana moja kwa moja. Lini, na kwa saa zetu ni saa ngapi?
*Kijana wa baiskeli, Nachingwea*

Marahaba mjukuu wangu. Jumanne tarehe 3 Novemba 2026. Majimbo 36 yatachagua magavana siku hiyo. Viti kadhaa viko wazi kwa ukomo wa vipindi: California anatoka Gavin Newsom, Michigan Gretchen Whitmer, Ohio Mike DeWine, Georgia Brian Kemp, Florida Ron DeSantis. Wisconsin ni tofauti, maana hawana ukomo kabisa. Tony Evers ameamua mwenyewe kutogombea tena.

Vituo vingi vya mashariki vinafungwa kati ya saa moja na saa mbili usiku wa kwao, na mwezi huo wao wako nyuma yetu kwa saa 8. Kwa hiyo matokeo ya kwanza yataanza kusikika kwetu saa tisa hadi saa kumi alfajiri ya Jumatano tarehe 4. California watakuwa bado wanapiga; wao funga hesabu saa moja asubuhi, ukiwa unakunywa chai. Chaji simu Jumanne mchana, umeme usije ukakuangusha. Na usisubiri Novemba: majimbo mengi yanafanya kura zao za maoni kati ya Machi na Septemba. Ohio na Georgia ni Mei. Anza na hizo, utawaona wote kabla hawajapungua.